Boti ya kuserfu Mentawai: mabaharia nawapa maua yao, ofisi ijipange

Nimejiuliza sana hawa jamaa wa boti waliotupeleka Mentawai kuserfu, yaani kupanda mawimbi kwa ubao, niwape nyota ngapi, maana ni kama nilihudumiwa na kampuni mbili tofauti. Kuna mabaharia mnaokaa nao kwenye boti, na kuna watu wa ofisini wanaojibu imeili na kupokea hela. Mabaharia tano kwa tano, sina hata la kufikiria. Ofisi mbili, na moja kati ya hizo mbili ni ya yule dada wa WhatsApp ambaye angalau ana lugha nzuri. Jina la kampuni silitaji, boti za kukodi zinazotokea Padang, mji wa pwani ya Sumatra, ziko nyingi na nyingi zinajitangaza kwa maneno yaleyale, kwa hiyo hata ukienda na boti nyingine haya mambo utakutana nayo.

Kwa ambaye hajui, Mentawai ni visiwa vya Indonesia magharibi mwa Sumatra, vikubwa vyenyewe ni vinne, Siberut, Sipora na Pagai mbili, ya kaskazini na ya kusini, vyote viko chini kidogo tu ya ikweta. Mawimbi ya pale yanatoka mbali, dhoruba zinavuma huko kusini kabisa mwa Bahari ya Hindi, yanasafiri maelfu ya kilomita yakijipanga njiani mpaka yanakuja kupasukia kwenye matumbawe. Msimu wenyewe ni Aprili mpaka Oktoba, katikati hapo Juni mpaka Agosti ndo yanakuwa makubwa zaidi, na ndo boti zinajaa. Lance's Right na Lance's Left, mawimbi mawili maarufu ya pale, yamepewa jina la Lance Knight, Muaustralia aliyefika huko 1991, na tangu hapo maserfa wa dunia nzima hawajaacha kwenda.

Sasa ofisi.

Ukishalipa adivansi wanakutumia faili la maandalizi, kurasa kadhaa zenye picha kali za wimbi la kijani lililojikunja kama bomba na mtu ndani yake. Nililisoma mara ya kwanza nikajua hili limenakiliwa mahali. Walisema tubebe suti ya mpira ya kuzuia baridi majini, unene milimita 3. Jamani! Maji ya kule ni nyuzi 28 au 29, ukivaa suti hiyo utapikika mwenyewe kabla hata wimbi halijaja. Kinachotakiwa ni fulana ya mikono mirefu ya kuogelea, nyepesi, kwa ajili ya jua na kwa ajili ya tumbo lisichubuke kwenye ubao, kaptula, kofia ya kuserfia yenye kamba ya kidevuni, basi. Viatu vya mpira vya kukanyagia mwamba hawakuvitaja kabisa na hivyo ndo vya maana. Nta nayo, ile ya kupaka juu ya ubao usiteleze, waliandika tu "leteni nta", wakati nta ziko kwa joto la maji, ukienda na ya maji baridi ikweta inayeyuka yote inakuwa uji, chukua iliyoandikwa ya kitropiki na vipande vya ziada maana huko katikati ya bahari hakuna duka.

La viza ndo liliniudhi. Faili linasema kuingia Indonesia ni bure. Ilikuwa hivyo kwa nchi nyingi kabla ya korona, sa hivi watalii wengi wanalipia viza ya kufikia (visa on arrival), rupia 500,000, siku 30, na unaweza kuiomba mtandaoni kabla hujasafiri ili usipange foleni. Na si kila pasipoti iko kwenye orodha ya hiyo viza, kwa hiyo angalia yako mapema. Pasipoti iwe na miezi sita mbele, na kama unatokea nchi yenye homa ya manjano beba na cheti cha chanjo. Mwenzetu mmoja aliliamini lile faili, akatua hana hela ya viza mkononi, akaanza kuhangaika na mashine ya ATM uwanjani huku sisi tunamsubiri na ndege ya Padang haimsubiri mtu. Nilipowaandikia ofisi wakanijibu "asante kwa maoni", na mpaka naandika hapa lile faili liko vilevile.

Dawa za malaria nazo waliandika mstari mmoja, "muone daktari wako". Sawa, umuone kweli, ila ukifika kwake mwambie unaenda kushinda juani kutwa nzima. Doksisaiklini, ambayo wengi wanapewa kwa sababu ni bei nafuu, inafanya ngozi iungue na jua haraka kuliko kawaida, na unatakiwa uendelee kuinywa wiki nne baada ya kutoka kwenye eneo la malaria. Kuna mchanganyiko wa atovakwoni na proguanili, huo ni ghali ila hauna hilo tatizo la jua na unamaliza siku saba baada ya kutoka. Nisingemchagulia mtu dawa, lakini kwa safari ambayo kazi yako ni kukaa juani hilo ni swali la kwanza kuuliza. Na homa ya dengi haina kidonge cha kujikinga cha namna hiyo, mbu wake anauma mchana, kwa hiyo dawa ya kupaka ukishuka nchi kavu ni lazima.

Mizigo. Kila shirika la ndege lina sheria yake ya mbao, wengine wanapima kilo, wengine wanapima urefu, wengine wanahesabu begi zima kama kitu kimoja na wengine wanahesabu kila ubao uliomo ndani, na tatizo huwa liko kwenye ile ndege ya mwisho ya ndani ya nchi, sio ile kubwa ya kwanza. Soma sheria za ndege zote za kwenye tiketi, piga picha ya ukurasa uwe nayo kwenye simu, kaunta wakianza kubisha unawaonyesha. Toa mapezi yote ya chini ya ubao, pakia mbao tumbo kwa mgongo, pua na mkia zungushia taulo na zile fulana zako, hapo umepunguza na begi la nguo. Bisibisi ya mapezi beba mbili. Na mapezi ya akiba yawe ya mfumo wa ubao wako, FCS na Futures haziingiliani, utamkuta mtu ana seti nzima ya kuazimisha na haikusaidii kitu.

Ofisi wanasema "ubao mmoja unatosha, boti ina za kuazima". Hizo za kuazima tulizikuta, mbili, moja imevimba maji. Mimi nasema angalau mbili, ukiweza tatu: ule wako wa kila siku, mmoja mrefu kidogo na mwembamba mkiani kwa siku ambayo bahari imeamka, na wa akiba. Matumbawe yanavunja. Kamba za mguuni, zile zinazokufunga na ubao, pia za ziada, mpya, na moja iwe nene.

Halafu kuna hili la kuziba matundu ya ubao. Waliandika "tuna resini ya kurekebishia ubao". Resini ni ile gundi inayokauka ikawa ngumu, na hawakusema ni resini gani! Resini ya polyesta ukiipaka kwenye ubao wenye povu jeupe la EPS, zile zinazouzwa kama ubao wa epoksi, inalila povu lote, unaziba tundu la shilingi unapata shimo la kuingiza ngumi. Ubao wa EPS unataka resini ya epoksi peke yake. Tulipofika tukaiangalia, ilikuwa ya polyesta. Na kuibeba hiyo ya polyesta mwenyewe kwenye ndege usijaribu, inawaka moto, iko kwenye vitu vya hatari. Bora mkanda maalumu wa kubandika, unakausha ubao juani, unabandika, unarudi majini.

Haya, boti yenyewe.

Tuliondoka jioni kutoka Muara, ile bandari ya mtoni pale Padang, tukavuka usiku kucha. Anayetapika atapike usiku huo, dawa ya kichefuchefu inywe kabla ya kung'oa nanga na sio ukishaanza kujisikia vibaya. Kabla ya kuondoka nahodha alitukusanya wote kwenye sitaha ya nyuma akatuonyesha majaketi ya kuokolea yako wapi, akamvalisha mmoja wetu, akatuonyesha redio, simu ya setelaiti, na kile kifaa kinachotuma ishara ya dharura kikiingia majini, akaonyesha na tarehe ya betri yake. Hapo ndo nilipoanza kuwapenda. Hili si jambo dogo, Agosti 2023 huko huko magharibi mwa Sumatra, upande wa kisiwa cha Nias, boti iliyobeba maserfa wanne wa Australia ilizama kwenye hali mbaya ya hewa, wakaelea juu ya mbao zao karibu siku mbili mpaka wakapatikana, na baharia mmoja wa Indonesia hakupatikana. Kwa hiyo ukiwa unauliza maswali kabla ya kulipa acha kuuliza kuhusu kiyoyozi, uliza injini ni moja au mbili, uliza kile kiboti kidogo kinachowapeleka kwenye wimbi kina redio, uliza nani anakuja kuwachukua boti ikiharibika. Ofisi niliwauliza hayo wakanitumia picha za vyumba.

Nahodha anajua kazi jamani. Karibu na ikweta pale upepo hauna mwenyewe, asubuhi unaweza kuwa umande laini kutoka nchi kavu na saa nne umeshageuka, na ndo maana watu wanakodi boti badala ya kukaa hotelini, unahamia upande mwingine wa kisiwa. Alikuwa anaamka kabla ya watu, anaangalia maji, anaangalia mawingu ya Sumatra, anasema leo sio hapa. Tukiwa tumelala tunasikia mnyororo wa nanga. Macaronis, wimbi jingine maarufu, tulifika uso wa maji umetulia, wimbi lenyewe ni la kupasukia kushoto, linatoka palepale kila mara na linakupa nafasi ya kufanya unachotaka, hata wale wasio wazoefu sana walitabasamu. Siku iliyofuata kulikuwa na boti nyingine zimeshajaa, akaondoka bila kubishana.

Lance's Right ni habari nyingine. Mwisho wake kuna sehemu ya mwamba maji machache sana, wanaiita meza ya daktari wa upasuaji, na jamaa mmoja wa kundi letu alipelekwa hapo mgongo mbele. Hakuvunjika, alichubuka kuanzia begani mpaka kiunoni. Kisanduku cha huduma ya kwanza cha boti kikafunguliwa: bandeji zimekuwa njano, mkasi una kutu, dawa ya kuua vijidudu imebaki tone. Hiyo naihesabu kwa ofisi, maana wao ndo wananunua. Aliyemuokoa ni mpishi. Alimkalisha kwenye ngazi ya nyuma, akamwagia maji baridi ya kunywa, akafungua mswaki mpya kwenye pakiti yake, akapaka sabuni, akaanza kusugua taratibu mstari kwa mstari, huku jamaa ameng'ata taulo. Mtu mmoja akaleta ndimu, mpishi akamfukuza. Ile ya kukamulia ndimu ni mazoea ya siku nyingi, inachoma kweli, lakini kinachotakiwa ni kutoa vile vipande vya matumbawe vinavyobaki ndani, vikibaki kidonda kinatunga usaha na kwa joto lile hakiponi. Tukamalizia na iodini yangu na bandeji zangu. Beba vyako: iodini, maji ya chumvi ya kusafishia, kibano, bandeji zisizogandia, mswaki, na daktari wako akikubali akuandikie antibiotiki ya kwenda nayo. Bima iwe inayolipa kukutoa kisiwani mpaka hospitali kubwa, soma pale wanapoandika michezo ya hatari, nyingine zinaikata kuserfu kimyakimya.

Chakula sina neno, samaki wa kukamata njiani, wali, pilipili ya kuomba msamaha. Vyumba ni vidogo, jenereta inasikika, choo cha chini kina tabia zake. Kwa mtu wa kulala hotelini atalalamika, mimi nilikuwa nimechoka kila siku saa mbili usiku kwa hiyo sikusikia kitu.

Kitu kingine cha kuuliza ofisi yoyote ni bei inajumlisha nini. Kuna ushuru wa kuserfu unaolipwa kwa serikali ya Mentawai, wengine wanauweka ndani ya bei, hawa wetu walitudai siku ya kupanda boti pamoja na nyongeza ya mafuta ambayo haikuwa kwenye ankara. Wale waliokuwa na maandishi ya imeili yanayosema "kila kitu kimo" walirudishiwa, waliokubaliana kwa sauti za WhatsApp bado wanafuatilia.

Nitarudi? Kwa nahodha yule ndio, na nimeshachukua namba yake. Ukienda, toa rupia taslimu Padang kabla ya kupanda boti, na bakshishi wape mabaharia wenyewe mkononi, mpishi kwanza. Kwenye lile faili la ofisi wameandika bakshishi ipitie kwao.