Kabla Hujailipia Revolva, Shika Kile Kijiti

Mwezi wa nane mwaka jana nilisimama kwenye uwanja wa shabaha, jasho linanitoka na upepo wa Dodoma unanipiga vumbi usoni, revolva mkononi na silinda, lile pipa dogo linalozunguka likiwa na risasi, imegoma kufunguka. Nilikuwa nimepiga risasi nne. Mbili zilikuwa bado ndani. Nabonyeza kitufe, nasukuma kwa kidole gumba, wapi! Msimamizi akawarudisha watu wote nyuma, mimi nikabaki nimeelekeza mtutu kwenye tuta la mchanga kama sanamu mpaka mzee mmoja fundi alipokuja taratibu na kipande cha ngozi na koleo. Alishika kijiti kilicho chini ya mtutu, akakizungusha kidogo, silinda ikafunguka. Kazi haikufika dakika tano. Alinidai laki moja na nusu, nami sikuwa na ubavu wa kubishana.

Bastola yenyewe nilikuwa nimeinunua miezi miwili kabla, ya mkononi, mpini wa mbao unang'aa kama umepakwa asali. Kiwanda chake sikitaji, maana iliundwa kabla sijazaliwa na lawama ni za aliyeniuzia.

Tangu nisimulie mkasa huo, swali linalonirudia ni lile lile: "Dada, revolva ya nini karne hii?" Swali la haki. Samuel Colt alipata hataza yake ya revolva Marekani mwaka 1836, na polisi wengi wa huko waliziweka kando miaka ya 1980 na 1990 wakahamia bastola za magazini, zile zenye risasi kwenye kasha linaloingia ndani ya mpini. Mimi nakamua alizeti Kizota, Jumamosi naweza kuwa mnadani Msalato, na marehemu baba alinifundisha kulenga kwa revolva. Kwa hiyo sijifanyi sina upande. Ila mapenzi haya yana sababu. Risasi ikigoma kulia, unavuta tena kifyatulio, silinda inazunguka, inayofuata inakuja. Huvuti chuma cha juu nyuma kama kwenye bastola ya magazini, jambo linalowatesa wengi wenye viganja vidogo kama vyangu. Maganda ya risasi zilizopigwa yanabaki ndani ya silinda, huyakimbizi kwenye miiba na vumbi. Na ukifungua unaziona risasi zote kwa macho, moja moja. Kwa sisi wenye leseni, ambao kila risasi inahesabiwa, hiyo peke yake ni usingizi mzuri.

Ukubwa wa risasi, urefu wa mtutu, rangi: hayo muulize muuzaji, atakueleza mpaka umwombe anyamaze. Leseni unaijua, inaanzia serikali ya mtaa, na bila hiyo usikanyage dukani. Kasha la chuma lenye kufuli nunua kabla ya bastola. Mimi nataka tuzungumze habari ya kijiti.

Ni kile chuma chembamba chini ya mtutu. Ukifungua silinda ukakisukuma, nyota, yaani kichuma chenye umbo la nyota nyuma ya silinda, inanyanyuka na kuyatoa maganda. Kwenye revolva nyingi, hasa za mpango wa kiwanda cha Marekani cha Smith & Wesson, kina kazi ya pili ambayo hakuna anayekuambia: ncha yake ya mbele ndiyo inayoshikwa na komeo dogo chini ya mtutu ili silinda itulie. Sasa, kijiti hicho kimefungwa kwa hesi. Kikilegea, kinarefuka. Kikirefuka, kinakwama kwenye komeo. Kwanza kifyatulio kinakuwa kizito, unadhani umechoka. Halafu silinda inakataa kufunguka, na risasi ziko ndani. Silinda za Smith & Wesson huzunguka kinyume na saa, na zamani hesi za kijiti zilikuwa za kawaida, za kulia, kwa hiyo kila mlio ulikuwa unakilegeza. Walikuja kuzigeuza kuwa za kushoto mwanzoni mwa miaka ya 1960. Fundi anayekaza kwa mazoea, bila kujua imeundwa lini, anaweza kuwa anafungua.

Dukani fanya hivi. Omba ifunguliwe, hakikisha kwa macho na kwa kidole kwamba haina kitu. Shika ncha ya kijiti, jaribu kuizungusha huku na huku. Ikicheza, rudisha. Kisha isukume, tazama chini ya nyota: kama kuna masizi na mchanga, mwenye nayo hakuitunza. Na ukitaka kikazwe, fundi mzuri huweka kwanza maganda matupu kwenye matundu ili nyota isipindike. Yule mzee wangu alifanya hivyo, lazima nimsifu hata kama alininyoa.

Kwa kipimo hicho cha kijiti, nawapanga.

Ya kwanza, bila aibu, Ruger GP100. Ilitoka mwaka 1985, inabeba risasi sita za aina ya .357 Magnum, zenye nguvu, na inameza zile za .38 Special, zilizo laini zaidi, bila kinyongo. Ruger waliliondoa tatizo lenyewe: silinda inashikwa mbele kwenye mkono wake, kile chuma kinachoibeba ikifunguka, na kijiti kimebaki na kazi moja tu ya kutoa maganda. Hata kikilegea, hakikufungii mlango. Yenye mtutu wa inchi nne ina zaidi ya kilo moja, na kiunoni utaijua ukipanda bodaboda kwenda Area D. Navumilia. Kwenye shabaha uzito huo ndio unaomeza mrusho.

Ya pili ni mdogo wake, SP101, risasi tano, silinda inashikwa kwa mtindo ule ule. Ukipiga .357 kwenye mtutu mfupi mkono utakulaani, tumia .38. Ingekuwa ya kwanza kama ningekuwa mtu wa kutembea nayo kila siku.

Ya tatu, Smith & Wesson Model 10. Ukoo wake ni wa mwaka 1899 na zimetengenezwa zaidi ya milioni sita. Ukivuta nyundo kwanza, kifyatulio chake ni kama kuvunja kijiti cha kibiriti. Baba alikuwa akisema bastola ni hiyo, nyingine ni vyuma. Ningeiweka juu, lakini kijiti! Ukipata yenye hesi za kushoto na ukawa na desturi ya kuikagua, nunua tu. Ile ndogo ya risasi tano, Model 36 ya mwaka 1950, ina kasoro ile ile, na kijiti chake kifupi hakitoi maganda mpaka mwisho, unamalizia kwa kucha.

Colt Python, ya mwaka 1955 na iliyorudishwa sokoni 2020, ni pambo. Za zamani silinda yake haishikwi mbele kwenye kijiti, hapo napiga makofi. Ila kwa pesa hiyo nanunua trekta nusu.

Taurus za Brazili na nyingine za bei nafuu: kagua kijiti, kagua tena, basi.

Na wauzaji, jamani. Kwanza bei haiandikwi popote. Ukipiga simu unaambiwa njoo dukani. Nikasafiri mpaka Dar es Salaam kwa bei niliyotajiwa kwa simu, nikakuta imeongezeka laki nne, eti dola imepanda, imepanda kati ya Alhamisi na Ijumaa! Pili, ukiwa mwanamke unaulizwa, "Mzee yuko wapi aje achague?" Leseni ina jina langu na picha yangu. Tatu, risasi: bastola wanakuuzia haraka, ukirudi kuomba .38 unaambiwa mzigo uko njiani, lakini za bastola za magazini zimejaa kabati. Na nilipomwomba mmoja niguse kijiti, alinikazia macho akasema, "Mama, hicho hakiguswi, utaharibu."

Nilifunga mkoba nikatoka. Basi la kurudi Dodoma lilikuwa bado halijajaa.