Stress Coat, Melafix, KanaPlex na chumvi ya jikoni: kipi kinamfaa samaki aliyeruka nje ya tangi?

Ingia duka la samaki wa mapambo useme samaki wako karuka usiku, umemwokota sakafuni na bado anapumua. Muuzaji atapanga chupa tatu juu ya kaunta kabla hujamaliza maelezo: moja ina mshubiri, ya pili ina mafuta ya miti yenye harufu kali, ya tatu ni antibayotiki. Zote zina kazi yake, ila si zote zina kazi siku hiyo. Hapa zinapimwa kwa swali moja: zinamfanyia nini samaki wa maji yasiyo ya chumvi aliyechubuka na kukaukiwa?

Jeraha lenyewe lieleweke kwanza. Ute unaomfunika samaki hubaki kwenye vumbi la sakafu. Gamba likibanduka huondoka na ngozi, kwa kuwa limeota ndani ya ngozi, halikubandikwa juu yake. Matamvua nayo, ambayo majini hutanda, hewani hulala na kugandana kama nywele zilizolowa. Lakini mara nyingi kinachomuua si mwanguko. Mwili wa samaki huyu una chumvi nyingi kuliko maji anayoogelea, hivyo maji humwingia saa zote na figo huyatoa kwa mkojo. Kidonda kinapanua njia hiyo: maji yanaingia kwa wingi, chumvi ya mwili inavuja, figo zinaelemewa. Juu ya hapo bakteria na kuvu wamepata pa kuingilia. Ndiyo maana samaki aliyeonekana mzima jana jioni hukutwa amekufa siku ya tatu.

Kabla ya kufungua chupa yoyote, mshike kwa mikono iliyolowa au mkinge kwa kikombe. Wavu wa nailoni utakwangua ute uliobaki. Muweke kwenye bakuli la maji ya tangi lake mwenyewe, yenye joto lilelile. Vumbi na nywele zilizomganda ziache zilowe na kutoka zenyewe, usimsugue. Kama hapumui vizuri, muelekeze mdomo kwenye mkondo mdogo wa pampu na umshikilie hapo. Ile desturi ya kumvuta mbele na nyuma majini haifai, kwa sababu akirudi kinyumenyume maji hupita kwenye matamvua upande usio wake. Wala usiharakishe kumtupa kwa kuwa anaonekana mkavu. Tazama vifuniko vya matamvua dakika kadhaa. Beta na gurami, wenye kiungo cha kuvutia hewa ya juu, hustahimili nje ya maji muda mrefu kuliko tetra au danio, na jamaa za kambale ndio usiseme.

Sasa bidhaa, kuanzia ile isiyopewa heshima.

Chumvi ndiyo inayoshinda. Inapunguza tofauti ya chumvi kati ya mwili na maji, na hilo ndilo tatizo la saa zile za mwanzo. Kipimo ni gramu 1 kwa lita siku ya kwanza. Samaki akivumilia, fika gramu 2 kwa lita kesho yake, na 3 iwe mwisho. Kwa beseni la lita 20 ni gramu 20, kisha nyingine 20. Tumia mizani ya jikoni, kwa maana kijiko cha chai cha chumvi laini kina takriban gramu 6 na cha chumvi ya mawe kina pungufu. Iyeyushe kwenye jagi kwanza, uimimine kidogokidogo kwa muda wa saa moja hivi. Punje isiyoyeyuka ikitua juu ya kidonda inaunguza.

Kosa linaloharibu tiba hii ni hesabu ya maji. Ukitoa lita 5 na kuingiza lita 5 mpya, weka chumvi ya lita 5 tu, yaani gramu 10 kama uko kwenye kiwango cha 2. Maji yaliyopungua kwa kukauka rudishia maji matupu, kwa sababu chumvi haipandi na mvuke. Wengi hupima upya chumvi ya beseni zima kila siku, na baada ya siku chache samaki yuko kwenye kachumbari.

Chumvi ya mezani yenye madini joto (aidini) inafaa, hata kama maduka yanasema vingine. Chukua mfano wa yenye miligramu 50 za aidini kwa kilo: kwa gramu 2 kwa lita unapata miligramu 0.1 kwa lita, kiasi kisichomdhuru samaki. Chumvi ya mawe ya baharini ni nzuri pia. Zisizofaa ni mbili. Chumvi ya kulamba mifugo huongezwa madini, shaba ikiwemo, na shaba ni sumu kwa samaki na zaidi kwa kamba na konokono. Magadi nayo si chumvi ya aina hii hata kidogo. Yanapandisha pH (kipimo cha uasidi na ualkali wa maji) ghafla, na pH ikipanda, amonia, sumu itokanayo na uchafu wa samaki, iliyokuwa haina makali hugeuka kuwa ile inayounguza matamvua. Chumvi pia huua mimea mingi ya tangi, na samaki wa chini kama koridora na lochi huivumilia kwa shida. Kwao ishia gramu 1.

API Stress Coat ni chupa nzuri kwa sababu ambayo siyo inayotangazwa zaidi. Kipimo ni ml 5 kwa lita 38, hivyo beseni la lita 20 linahitaji ml 2.6 hivi. Kazi yake isiyo na ubishi ni kuondoa klorini ya maji ya bomba, na samaki aliyepoteza ute hawezi kabisa kuguswa na klorini. Utando wa bandia na mshubiri vichukulie kama nyongeza. Utando unasaidia kwa muda, lakini ngozi inajijenga yenyewe na chupa haiiharakishi sana. Inatoa povu kwenye pampu ya hewa, na hilo si tatizo. Tatizo ni kumimina mara nne ya kipimo kwa huruma: kemikali zinazoua klorini zikizidi hula oksijeni ya maji, na mgonjwa wako oksijeni ndiyo anayoihitaji. Wala usikate jani la mshubiri bustanini ukalikamulia majini. Utomvu wake wa njano ni mkali, na nyama ya jani ikioza inawalisha bakteria.

Kama nyumbani tayari una Seachem Prime, nayo ya kuondoa klorini, Stress Coat si lazima. Prime hutumika ml 5 kwa lita 200, kwa hiyo lita 20 zinahitaji ml 0.5 tu. Inakwenda mbali zaidi kwa chupa moja, ila inadai sirinji, maana kifuniko hakiwezi kupima nusu mililita. Inanuka yai viza, ndivyo ilivyo. Dai lake la kuifunga amonia lisikufanye uache kubadilisha maji.

Melafix ndiyo ya kuacha dukani. Ni mafuta ya miti ya jamii ya Melaleuca kwa asilimia 1, ml 5 kwa lita 38 kila siku kwa siku 7, kisha unabadilisha robo ya maji. Inanukia kama dawa, inatoa povu kama dawa, na samaki mwenye mchubuko mdogo hupona akiwa ndani yake. Angepona bila hiyo pia. Vipimo vya maabara havikuonyesha kwamba kiwango cha kwenye lebo kinaua bakteria kwa namna ya kutegemewa. Kwa beta na gurami ni hasara zaidi, kwani mafuta yanaweza kutanda juu ya maji pale wanapovutia hewa. Kampuni yenyewe huuza Bettafix, iliyopunguzwa nguvu, kwa ajili yao.

KanaPlex ni dawa kweli, na kwa sababu hiyo haifai siku ya kwanza. Ndani yake kuna kanamaisini: kipimo kimoja cha kijiko chake kwa lita 20, unarudia baada ya siku 2, na dozi zisizidi 3. Antibayotiki za kundi hili huzielemea figo, na figo za samaki huyu tayari zina kazi ya ziada. Subiri dalili. Kidonda safi huwa chekundu kidogo au cheupe kilichotulia, na hakitambai. Ukiona ukingo wa kijivu unaosogea kila siku, pezi linaliwa kutoka nje kuingia ndani, au doa jeupe mdomoni lenye mpaka wa njano, hapo anza, na uanze siku hiyohiyo. Kolumnari, ugonjwa wa bakteria unaofananishwa na kuvu, hukimbia zaidi maji yakiwa ya moto, basi usipandishe joto ukidhani unasaidia. Maji ya nyuzi 25 hubeba kama miligramu 8.3 za oksijeni kwa lita. Kwa nyuzi 30 hushuka hadi 7.5. Nyuzi 24 hadi 25 zinatosha kwa samaki wengi wa kitropiki. Ule ukungu wa kuvu wa kweli, unaosimama kama pamba, hausikii antibayotiki. Huo ni wa methilini bluu, dawa ya rangi ya buluu, tena kwenye beseni la pembeni tu, kwa kuwa inaua bakteria wa filta na kutia rangi silikoni ya tangi isitoke.

Ndoa ya KanaPlex na mkaa wa filta haipo: mkaa unainyonya dawa, utoe kwanza. Walioko Ulaya wajue kwamba huko antibayotiki za samaki hutolewa kwa cheti cha daktari wa mifugo. Kwa Afrika Mashariki, mbadala unaopendekezwa mara nyingi ni unga wa oksitetrasaiklini wa kuku. Una shida mbili. Pakiti nyingi zimechanganywa na vitamini na sukari zinazochafua maji, na dawa yenyewe hushikwa na kalsiamu na magnesiamu kwenye maji magumu. Sikilidi wa Ziwa Tanganyika, kina Cyprichromis wanaojulikana kwa kuruka, hufugwa kwenye maji hayohayo magumu. Kuwaogeshea oksitetrasaiklini ni kupaka maji rangi.

Kuliko chupa ya pili, pesa iende kwenye pampu ndogo ya hewa na filta ya sponji. Sponji ikae wiki kadhaa kwenye tangi kubwa kabla ya kuhitajika, iwe na bakteria wanaokula amonia. Sponji mpya kutoka kwenye pakiti inapuliza mapovu tu. Beseni la plastiki la lita 20, halijawahi kuguswa na sabuni, linatosha kuwa hospitali. Badilisha robo ya maji kila siku, taa izimwe siku nzima ya kwanza, chakula kianze baada ya saa 24 na kiwe kidogo. Vile visanduku vya wavu vya kutenganishia vifaranga havifai, kwani samaki mwenye kidonda hujisugua humo.

Mapezi hurudi ndani ya wiki chache kama shina halikukatika. Magamba hurudi pia, pengine kwa mpangilio wa ovyo. Jicho lililopata ukungu kwa kugonga sakafu husafika wiki moja au mbili. Likivimba, kuna maambukizi. Uti wa mgongo uliopinda na samaki anayelala ubavu siku kadhaa bila kula ni habari nyingine. Kwa huyo, ili afe bila mateso, kuna mafuta ya karafuu, ya Zanzibar au Pemba, yawe halisi na si ya kuchulia yaliyochanganywa na ya nazi: ml 0.4 kwa lita, yatikiswe kwanza kwenye chupa yenye maji ya uvuguvugu kwa sababu hayachanganyiki yenyewe. Aachwe humo angalau dakika 10 baada ya matamvua kusimama.

Mfuniko ndio bidhaa ya mwisho. Kioo ni kizuri, akriliki hupinda kwa unyevu, na wavu wa plastiki wa madirisha ulioshonwa kwenye fremu unafanya kazi sawa na mifuniko ya gharama, tena unapitisha hewa. Usitumie chandarua cha kitandani chenye dawa: permethrini na deltamethrini ni sumu kali kwa samaki, na matone yanayogonga wavu hurudi tangini. Ziba pia tundu la waya na bomba la filta, na shusha maji sentimita 5 chini ya ukingo. Kisha pima amonia na nitriti kabla ya kumrudisha, maana samaki wengi hurukia nje wakikimbia maji mabaya au mbabe wa tangi, na hakuna mfuniko unaotibu hayo.