Pazia la sinki nililoshonesha Mwanjelwa: baada ya miezi minane

Nyumba ninayopanga Ilomba, hapa Mbeya, ina chumba, sebule na bafu moja, na aliyeijenga aliona vyema mlango wa bafu utazamane na kochi. Mgeni akikaa, na mlango ukawa umesahauliwa wazi, hatazami kioo wala taulo langu jipya. Anatazama tumbo la sinki: bomba la maji machafu ambalo weupe wake umegeuka rangi ya meno ya mvuta sigara, paipu mbili za kuleta maji, na pale kwenye kiungo, kipande cha mpira wa tairi la bodaboda kimefungwa mafundo matatu. Mpira huo niliukuta. Siku ya kukabidhiwa funguo mama mwenye nyumba aliniambia, "Huo usiuguse mwanangu, ndio unaoshikilia kila kitu."

Mkataba wangu ni wa miezi sita sita, na umeandikwa wazi kwamba mpangaji haruhusiwi kutoboa ukuta wala vigae. Kwa hiyo chochote nitakachoweka kuficha mabomba hayo lazima kisimame chenyewe au kinate, na siku ya kuhama kibanduke bila kuacha alama.

Kabla ya pazia nilikosea, na kosa lilinigharimu shilingi 85,000. Nilimpa seremala kazi ya kutengeneza kabati la MDF lenye milango miwili, nyuma limekatwa dirisha la kupitishia mabomba. Lilipokuja lilikuwa zuri mno, nikalipiga picha nikawatumia dada zangu. Hiyo ilikuwa Februari, mvua za Mbeya zikiwa zimekolea na sakafu ya bafu haikauki toka asubuhi hadi usiku. MDF ni vumbi la mbao lililoshindiliwa kwa gundi. Ikipakwa rangi juu inadanganya macho, lakini ile kingo iliyokatwa kwa msumeno na kuachwa bila rangi hunyonya maji kama mkate kwenye chai. Kufikia Aprili sakafu ya kabati ilikuwa imevimba, mlango mmoja haufungi. Nikalaumu mvua. Nilipotoa sabuni na ndoo zote ndipo nikaona tone likidondoka kutoka kwenye nati ya bomba, chini kidogo ya ule mpira. Sijui lilianza lini. Kabati lilikuwa limelificha pamoja na mabomba.

Fundi bomba alikaza nati, akabadilisha washa yake, kile kipete cha kuzuia maji yasivuje, akanicheka kistaarabu. "Mwalimu, ukitaka kuficha, ficha kwa kitu unachoweza kukifunua kwa mkono mmoja." Akanionyesha na zile koki mbili ndogo ukutani, za kufungia maji ya sinki peke yake bila kukata maji ya nyumba nzima. Nilikuwa nimeishi nazo miezi kadhaa bila kujua kazi yake.

Ndipo nikaenda kwa mama mmoja fundi cherehani Mwanjelwa. Ana meza yake miongoni mwa wauza vitambaa, na huwa ananishonea sare. Nilimpelekea kitenge nilichokuwa nacho nyumbani, akanitazama kwa huruma. "Hiki ni pamba, mwalimu. Kitakunywa maji." Sikumsikia, kwa sababu kitenge kilikuwa cha bure na rangi zake nilizipenda. Akashona. Wiki ya tatu pindo la chini lilikuwa na madoa meusi ya ukungu na harufu ya nguo zilizosahauliwa kwenye beseni. Sikuwa na wa kumlaumu.

Pazia la pili, ambalo ndilo ninalolisifia hapa, ni la polista nzito kiasi, ile ya mapazia ya madirishani, rangi ya udongo. Maji yakirukia yanateleza, na nikilifua asubuhi jioni linarudi mahali pake hata Julai. Gharama zilikuwa hivi: kitambaa mita 2.5 kwa shilingi 5,000 mita, velkro (utepe wa kunatia) mita 2 kwa 1,500 kila mita, na kushona 7,000. Jumla 22,500. Ukilinganisha na kabati utanielewa.

Vipimo ndivyo vilivyoamua kila kitu, na hapa mama fundi alinifundisha. Sinki langu halina mguu, limening'inia ukutani. Nilidhani napima upana wa mbele tu. Alinirudisha nyumbani nikapime kwa uzi kutoka ukutani upande mmoja, nizunguke tumbo la sinki, hadi ukutani upande wa pili. Ikaja sentimita 118. Akazidisha karibu mara mbili ili marinda yapate kulala, kwa sababu pazia lililovutwa likanyooka huonyesha umbo la bomba nyuma yake, na hapo umeficha nini? Kwa urefu, akaniachia sentimita 3 juu ya sakafu. Nilitaka liguse chini lipendeze, akakataa kabisa. Sasa nikipiga deki tambara linapita chini yake bila mimi kuinua chochote, na maji yakivuja nitayaona sakafuni siku hiyo hiyo. Pia halikushonwa kipande kimoja: katikati limeachwa mpasuo uliopandiana kama sketi ya kufunga, natia mkono nachukua dawa ya choo.

Kuhusu velkro, ule utepe wa pande mbili unaolia kama kitu kinachanika ukiubandua. Upande laini ushonwe kwenye kitambaa, upande wa vikwaruzo wenye gundi ubandikwe kwenye sinki. Msigeuze. Ule wa vikwaruzo ukiwa kwenye nguo utakusanya nyuzi za kila unachofua nacho.

Kubandika ndiko kulikonitesa. Nilibandika siku ya Jumamosi asubuhi mwezi wa saba, na wanaoijua Mbeya wanajua mwezi wa saba ni mwezi gani. Sinki lilikuwa baridi kama jiwe la mtoni. Jioni pazia lote lilikuwa sakafuni. Nikafuta, nikabandika tena, likaanguka tena. Nilikuwa tayari kuandika kwamba velkro ya dukani ni feki. Kumbe gundi ya aina hii haishiki vizuri penye baridi, na juu ya hapo kulikuwa na utando wa sabuni ambao jicho halioni. Mara ya tatu nilisugua ukingo kwa spiriti, nikauacha ukauke, nikakanda sinki kwa kitambaa kilichochovywa maji ya moto na kukamuliwa, nikalipangusa likakauka kabisa, nikabandika utepe mpya nikiukandamiza kwa kidole gumba hatua kwa hatua. Kisha nikauacha usiku kucha na mchana wake bila kutundika kitambaa. Tangu siku hiyo umeshika, isipokuwa kona ya kushoto karibu na bomba, ambako mkono wangu haufiki vizuri.

Desemba shule zilipofungwa nilikwenda nyumbani Makete karibu wiki tano. Niliporudi bafu lilinuka vibaya. Nikalivua pazia nikalifua mara mbili, harufu ipo pale pale. Nikampigia yule fundi bomba, akaniuliza swali moja: "Umemwaga maji kwenye sinki?" Sikuwa nimemwaga, nilikuwa naogea ndoo. Ile kona ya bomba iliyojikunja chini ya sinki huwa inabaki na maji, na maji hayo ndiyo kizibo kinachozuia hewa ya shimo la choo isipande. Ukikaa muda mrefu bila kulitumia sinki yanakauka. Nikamwaga jagi moja, nikafungua dirisha, habari ikaisha. Pazia nililitukana bure.

Nyuma ya pazia nimeweka kikapu cha milulu, vile vinavyosukwa Iringa, chenye karatasi za choo na sabuni. Nimekipandisha juu ya tofali mbili zilizofungwa nailoni ili kisikae kwenye unyevu. Mashine ya kukaushia nywele sikuiweka hapo na sitaiweka, maana umeme na bomba lenye historia kama hili havipaswi kulala chumba kimoja.

Ningetoa nyota nne. Ya tano nimeibakiza kwa sababu pazia linapunguza hewa na hulazimika kulifungua saa moja hivi kila nikipiga deki. Na kama una mtoto anayeanza kusimama, usiweke kabisa: atalishika ajivutie, na nyuma yake ndipo wengi wetu tunapoweka dawa za kusafishia. Kwa sinki lililobanwa na kuta mbili, fimbo ya springi ya kukaza katikati ingefanya kazi bila gundi. Langu lina ukuta nyuma tu, fimbo haina pa kushika.

Mwezi uliopita mama mwenye nyumba alikuja kuchukua kodi, akaingia bafuni, akatoka akiwa ameridhika. "Umepamba, mwanangu. Nani kakushonea?" Nikamwelekeza. Kisha nikafungua mpasuo nikamwonyesha ule mpira wa bodaboda, nikamwomba safari hii atuletee kipande cha bomba kipya. Akautazama kwa muda, akaniambia kwa vile sasa hauonekani, hakuna haraka. Tumekubaliana nusu kwa nusu kabla ya Pasaka, na nimemwandikia ujumbe wa simu ili maneno hayo yasije yakapotea.