Triga ya hatua moja au ya hatua mbili: ununue ipi kwa bunduki ya kuwindia?

Wawindaji wengi wenye vibali hapa Tabora wakipata hela ya kuboresha bunduki hukimbilia darubini. Mimi ningeanza na triga, kile kidude unachokivuta kwa kidole ili bunduki ifyatuke. Ikitaka mvuto wa kilo 3 kufyatuka, na bunduki yenyewe ina kilo 3 na ushee, kidole kitahamisha mtutu kabla risasi haijatoka, hata darubini iwe ya bei gani.

Namba moja kwangu ni hatua mbili. Kidole kinavuta kwanza sehemu laini, kisha kinakuta kizuizi. Hapo unajua umefika. Ukiongeza kidogo tu, inafyatuka. Tuseme jumla ni kilo 1.6: gramu 900 zinaishia kwenye mvuto wa kwanza, na zinazobaki ni 700 tu. Pofu, yule swala mkubwa, akigeuka ghafla, unalegeza kidole na triga inarudi ilipokuwa. Kwa mtu aliyetembea tangu alfajiri kwenye miombo ya Sikonge, pumzi juu na vidole vya baridi ya Julai, hilo lina thamani kubwa. (Ugalla sahau: ni hifadhi ya taifa tangu 2019.) Mwenye bunduki ya zamani ya kijeshi ya Mauser 98 asikimbilie dukani, kwa sababu ilitoka kiwandani na hatua mbili. Mara nyingi inachotaka ni kusafishwa tu.

Ya pili ni hatua moja inayorekebishika. Haina mwendo wa mwanzo: unabana, inakatika ghafla. Kwenye kichaka kinene, ambako mnyama anaonekana kwa sekunde chache, naikubali kuliko ile ya kwanza. Kampuni ya Timney inazitengeneza kwa ajili ya bunduki za Mauser na Remington 700. Usishuke chini ya kilo 1.5 kwa uwindaji.

Ya tatu ni ile unayoisukuma mbele kwanza ili iwe nyepesi sana, kama kwenye bunduki ya CZ 550. Ni tamu ukiwa umeegemea kichuguu na una muda. Ukiwa unatembea, isiwe imesukumwa.

Ya mwisho kabisa ni kuikwangua triga ya zamani kwa tupa. Chuma kikishaliwa hakirudi, na bunduki inaweza kujifyatua.

Kabla ya kulipa, hakikisha triga ni ya aina na toleo la bunduki yako, na kazi aifanye fundi mwenye leseni. Ikishafungwa, toa risasi zote na ukague chemba mara mbili. Pima uzito wa mvuto wa triga kwa mizani ya kuning'iniza, ile ya wauza samaki inatosha. Kisha koki, gonga kitako juu ya tairi kuukuu, ufunge bolti kwa nguvu mara kadhaa. Ikifyatuka yenyewe hata mara moja, irudishe kwa fundi. Mafuta weka kidogo mno, maana vumbi na majivu ya nyasi zilizochomwa hushikana nayo na triga inakuwa nzito msimu ukiwa katikati.