TASAF kwa anayelea mtoto mwenye ulemavu, Mwanza: nyota tatu kati ya tano

Wengi Igoma na Buhongwa wanachanganya hapa: ruzuku ya TASAF, mfuko wa serikali unaosaidia kaya maskini, si mshahara wa mama anayelea mtoto mwenye mtindio wa ubongo. Inalipwa kaya, kila baada ya miezi miwili, na kaya hupatikana kwa mkutano wa mtaa na dodoso la hali ya maisha, si kwa cheti cha daktari. Mwenye nyumba ya tofali na mtoto asiyeweza kukaa anaweza kuachwa. Nyota ya kwanza imeondoka hapo.

Ya pili imeliwa na masharti. Ruzuku ya elimu inafuata mahudhurio, asilimia 80 ya siku za masomo. Shule ikiwa na choo kisichoingilika na kiti mwendo, mtoto atahudhuria vipi? Mlezi naye yuko kazini kutwa: uji kijiko kwa kijiko, mtoto amekalishwa wima, maana akilishwa chali unaingia njia ya hewa, kisha kumgeuza kila saa mbili asipate vidonda vya mgandamizo. Hiyo kazi haina hata safu kwenye fomu.

Malipo kwa simu tunayasifu, foleni imepungua. Yanakwama kwa mambo madogo: laini imesajiliwa kwa kidole cha shemeji, au kitambulisho cha taifa cha NIDA kimeandika Kabula na daftari la kaya Kabhula. Sisi Wasukuma na hiyo "bh"! Linganisha herufi kwa herufi kabla ya siku ya malipo. Kosa likionekana, anzia kamati ya mpango mtaani, uende kwa mratibu wa halmashauri, Ilemela au Nyamagana, na uandike tarehe na jina la aliyekupokea. Mtoto aliyefichwa chumbani siku ya dodoso hayumo kwenye hesabu. Omba taarifa za kaya zihuishwe.

Ile asilimia 2 ya mapato ya halmashauri inayotengwa kwa watu wenye ulemavu haina riba, ila ni mkopo. Utarejeshwa na biashara gani, mama akiwa hatoki nyumbani?

Wanaotamani mzazi anayelea alipwe kwa saa kama Marekani walitazame jimbo la huko la Indiana: gharama zilipita bajeti, na Julai 1, 2024 wazazi wa watoto walio chini ya miaka 18 wakaondolewa kwenye malipo ya saa, wakaelekezwa kwenye ya siku. Kwetu hata hiyo ya siku tungeipokea, mradi fomu iulize nani anamgeuza mtoto usiku.