Kozi ya msamiati wa Kiingereza katikati ya jiji: walichomfanyia Sista

Naandika haya nikiwa na hasira, na nimengoja wiki kadhaa nikidhani itapoa. Haijapoa. Kila nikipita barabara ile jioni kwenda steji, nikainua macho na kuona bango lao kwenye dirisha la orofani, moyo unanienda mbio upya.

Chuo sitakitaja jina. Ni mojawapo ya zile kozi za jioni zilizojaa katikati ya Nairobi, ambako watu wazima waliotoka kazini hulipa ili wafundishwe maneno mazito ya Kiingereza na maana zake. Bei, saa za vipindi, cheti, hayo yote utayapata kwenye vikaratasi wanavyogawa barabarani. Mimi nina jambo moja la kusema, nalo halimo kwenye vikaratasi hivyo.

Darasani tulikuwa mchanganyiko: makarani, vijana wanaotafuta nafasi za masomo ng'ambo, wakili mmoja aliyeanza kazi juzijuzi, na mimi ambaye huandika ripoti na barua za ofisi kutwa kucha na nilikuwa nimechoka kuzungukazunguka maneno yale yale. Na alikuwepo Sista. Jina hilo tulimpa sote kwa heshima ya kazi yake, maana ni muuguzi, mama mtu mzima. Alikuwa akitoka zamu anakuja moja kwa moja, anaketi safu ya mbele, anafungua daftari lenye jalada la plastiki na kunakili kila kitu kwa mwandiko ambao ungedhani umepigwa chapa. Alitaka kwenda kufanya kazi Uingereza, na baraza la wauguzi la huko, NMC, likipokea matokeo ya IELTS, mtihani wa kupima Kiingereza, linataka alama 7 katika kusoma, kusikiliza na kuzungumza, na 6.5 katika kuandika. Kuandika ndiko kulikokuwa kukimkwamisha. Ndiyo sababu alilipa.

Sasa sikieni namna tulivyofundishwa. Kila jioni tulipewa karatasi. Kushoto neno, kulia maana yake kwa neno jingine moja au mawili. Hakuna sentensi hata moja. Hakuna maelezo kwamba neno hili ni la kusifia na lile ni la kulaumu, hili la barua ya kikazi na lile la mazungumzo. Mkabala na "notorious" karatasi iliandika "famous", yaani maarufu. Nukta. Karatasi hiyo ninayo hadi leo, nimeihifadhi makusudi.

Kazi ya nyumbani ikawa tutunge sentensi kuhusu mtu tunayemheshimu, tukitumia maneno ya karatasi. Sista alimwandika marehemu babake, aliyefundisha shule ya msingi kijijini kwao mpaka akastaafu. Aliandika: "My late father was a notorious teacher in our village."

Mwalimu alichukua daftari, akasoma kimoyomoyo, akaanza kutabasamu. Kisha akaisoma kwa sauti, polepole, darasa zima likisikia. Akacheka. Akasema, "Darasa, mmesikia hiyo? Kwani huyu mzee alikuwa anaiba chaki?" Baadhi ya wanafunzi wakacheka naye. Halafu, kana kwamba hiyo haikutosha, akamgeukia: "Sista, na ni hiki Kiingereza unataka kupanda nacho ndege? Si utaua mgonjwa wa watu!"

Mama yule hakupandisha sauti. Alisema tu, "Lakini mwalimu, ni wewe ulituandikia hivyo." Akaigeuza karatasi aione. Mwalimu hakuitazama. Alimjibu, "Karatasi husomwa kwa akili, madam," akamrushia daftari mezani na kuendelea na wa pili.

Kwa wasioelewa ukubwa wa jambo hili: "notorious" ni mtu anayejulikana, ndiyo, lakini anayejulikana kwa ubaya. Huandamana na jambazi, gereza, dikteta, barabara inayoua watu kila mara. Kamusi yoyote ya kawaida ya wanafunzi inalieleza hilo katika mstari wa kwanza. Hebu fikirieni mgeni anajifunza Kiswahili, mwalimu wake anamwambia kwamba "sugu" ni "aliyeizoea kazi kwa muda mrefu", kisha mgeni anaandika kwa mapenzi yote kwamba marehemu babake alikuwa mwalimu sugu. Wa kuchekwa hapo ni nani? Sista aliamini alichoandikiwa na mtu aliyelipwa amfundishe. Kosa lilitoka kwenye mashine ya chapa ya chuo, likapita kwenye daftari lake, likarudi kwa mwenyewe, naye mwenyewe akalicheka kana kwamba halijui.

Nilinyoosha mkono nikasema hivyo hivyo. Nikamwonyesha karatasi yangu pia. Aliniuliza, "Wewe umelipa kufundishwa au kufundisha?" Nikakaa kimya, lakini kichwa kilikuwa kikinigonga. Sista alifunga daftari lake, akabaki hadi mwisho wa kipindi kwa adabu, akatuaga mmoja mmoja. Hakurudi tena.

Siku iliyofuata nilipitia ofisini kwao kudai pesa yangu ya vipindi vilivyobaki, na kuuliza ni nani atakayezungumza na yule mama. Msichana wa mapokezi alikuwa na adabu, sitamsingizia. "Pole madam, lakini pesa ikishaingia haitoki. Iko kwa fomu." Kuhusu Sista alisema kwamba wanafunzi huacha masomo kwa sababu zao. Sababu zao! Nikamweleza kisa kizima akiwa ananisikiliza, akaandika kitu kwenye kijitabu, na mpaka leo sijapigiwa simu na mtu.

Tangu hapo nimesoma sana juu ya namna watu hujifunza maneno, kwa uchungu tu, na kadiri ninavyosoma ndivyo ninavyoona tulivyodanganywa. Insha ya IELTS husahihishwa kwa vigezo 4 vyenye uzito sawa, na msamiati ni kimojawapo. Katika kigezo hicho msahihishaji haangalii ugumu wa neno peke yake. Anaangalia kama limekaa mahali pake na limeandamana na wenzake wanaolifaa. Mvua kubwa kwa Kiingereza ni "heavy rain"; ukiandika "strong rain" kila mtu atakuelewa, lakini atajua mara moja kwamba umeunganisha mwenyewe. Mtu anaweza kupoteza alama kwa sababu ya neno la kifahari lililowekwa pasipofaa, wakati neno jepesi lingempitisha salama. Karatasi zetu zilikuwa kiwanda cha makosa ya aina hiyo.

Na maneno yenyewe walivyoyachagua! Tulikaririshwa "sesquipedalian" na "lugubrious". Muuguzi atayapeleka wapi hayo? Tangu mwaka 2000 kuna orodha ya Averil Coxhead wa New Zealand, yenye familia 570 za maneno (neno pamoja na yanayotokana nalo) yanayojirudia katika maandishi ya vyuo vikuu vya fani mbalimbali: "significant", "derive", "allocate" na wenzao. Maneno ya kazi, yanayobeba insha. Hata SAT, mtihani wa Marekani uliotesa vijana wengi kwa maneno ya ajabuajabu, uliachana na mengi ya hayo ulipofanyiwa mabadiliko mwaka 2016. Sisi huku tunauziwa yaliyotupwa.

Halafu hatukurudia kitu. Karatasi mpya kila kipindi, ya jana imezikwa. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha mwaka 1885 majaribio aliyojifanyia mwenyewe, akaonyesha kwamba mambo mengi tuliyokariri hutoroka mapema, ndani ya saa na siku za mwanzo, na kurudia ndiko kunakoyashika. Sebastian Leitner naye mwaka 1972 alieleza utaratibu wa kadi ndani ya sanduku lenye vyumba: neno ulilolijua linasogea mbele, litakurudia baadaye, ulilolikosa linarudi chumba cha kwanza, utakutana nalo upesi. Hakuna gharama hapo. Ni kadi na kalamu.

Lakini kuna jambo lazima niliseme, na linaniudhi kulisema. Kulikuwa na jioni moja, kabla ya hayo yote, ambayo mwalimu huyo huyo alifundisha kuliko mwalimu yeyote niliyewahi kukaa mbele yake. Hakuleta karatasi. Alianza na mwaka 1066, Wanormandi wanavamia Uingereza, Kifaransa chao kinakaa juu ya lugha ya wenyeji kwa miaka mingi, na Kilatini cha kanisa na wasomi kinaongezewa hapo. Ndiyo maana Kiingereza kina maneno matatu ya kuuliza yanayokaribiana: "ask" la wenyeji, "question" la Kifaransa, "interrogate" la Kilatini. "Kingly", "royal", "regal", yote ya kifalme. Na kila ukipanda ngazi neno linazidi kuvaa suti. Kijana mmoja wa pwani akasema hata sisi tuna moyo wetu na tuna kalbi lililotoka Kiarabuni, na kalbi hulikuti sokoni, unalikuta kwenye shairi. Mwalimu alifurahi akapiga makofi. Nilihisi kitu kikifunguka kichwani mwangu. Maneno niliyokuwa nikiyaogopa tangu shule ya upili yakaanza kuwa na ukoo.

Akaingia kwenye mizizi ya Kigiriki. Hapo Sista ndiye aliyeng'aa. Alisema "tachycardia" ni moyo kwenda kasi, na "bradycardia" ni moyo kwenda polepole, kwa hiyo bila shaka "tachy" ni kasi na "brady" ni polepole. Mwalimu akampa chaki, akamwambia asimame atufundishe. Akaandika "dyspnoea" ubaoni, akaligawa, akatueleza "dys" ni shida na sehemu ya pili ni pumzi, na kwamba ukiijua "dys" umeshaanza kuyajua mengine mengi. Sote tuliandika. Mama aliyesimama saa nyingi wodini alikuwa amesimama tena mbele yetu bila kuchoka, na mwalimu alikuwa akitikisa kichwa kwa kumkubali.

Hadi leo natumia aliyotufundisha jioni ile. Nikikutana na neno nisilolijua kwenye gazeti nalikata vipande kwanza: "bene" la wema, "male" la ubaya, "spect" la kutazama. Mara nyingi nafika karibu na maana kabla sijafungua kamusi. Kwa hiyo nilipoanza kuandika nilikuwa nimepanga kuwapa nyota moja, na kwa ajili ya jioni ile nilifika hapa nikiwa tayari kuwapa tatu. Kuna watu wenye kozi za gharama kubwa zaidi hawajawahi kupewa somo kama lile.

Hapana. Nazirudisha. Kwa sababu jioni ile ndiyo inayoufanya ukatili wake uwe mbaya zaidi. Angekuwa mwalimu asiyejua kitu, ningesema ni ujinga, nikanyamaza. Alijua asili za maneno. Alijua tofauti ya "famous" na "notorious" kuliko sisi sote, na bado aliacha karatasi ile igawiwe. Alikwisha kumwona Sista akisimama ubaoni, akajua ni mtu wa akili ya aina gani, na bado alichagua kumcheka mbele ya vijana wa umri wa wanawe, tena kwa kumtaja mzazi wake aliyefariki. Kwetu jina la marehemu halifanyiwi mzaha. Hilo halihitaji kamusi.

Nilimtafuta Sista kwa simu baadaye. Nilimnunulia kamusi ya wanafunzi kwa muuza vitabu vya mitumba kando ya barabara, ile inayotoa sentensi kwa kila neno, na anatengeneza kadi zake mwenyewe: upande mmoja neno, upande wa pili sentensi kamili ya wodini aliyoitunga yeye, pamoja na maneno yanayoandamana nalo. Siku akitoka zamu mapema tunapimana. Mtihani hajafanya bado. Anasoma vizuri mno.

Kama umeshawishika na bango lao, fanya hivi: panda juu, omba karatasi moja ya masomo kabla hujatoa hata senti, utafute sentensi. Ukikuta orodha ya neno na maana tupu, shuka ngazi. Ukiweza kulipia kipindi cha mizizi peke yake, kilipie, sitakuzuia. Nyota ni moja, na hiyo ni ya jioni ile ya mizizi.

Na mwalimu, kama haya yatakufikia, namba ya Sista imo kwenye rejista yenu. Mpigie umwombe radhi, kwa Kiingereza au kwa Kiswahili, upendavyo. Kisha uichukue karatasi ile uisahihishe, maana nasikia bado inagawiwa.