ThinkPad P52 na T480s: laptopu mbili kwenye harusi za Tanga

Ile kubwa, P52, nimeshaiuza. Nimebaki na ndogo, T480s, na shoga yangu yeyote anayefanya kazi kama yangu akiniuliza, nitamwambia anunue ndogo. Lakini niseme mapema kwamba kubwa haikuwa mashine mbaya hata kidogo, na aliyeinunua kwangu anaifurahia mpaka leo.

Kazi yangu ni kupiga video na picha upande wa wanawake: singo (kumsugua bi harusi kwa liwa), hina, kicheni pati, na usiku wa kumtoa bi harusi nje. Naishi Makorora, kazi zenyewe zinanipeleka Ngamiani, Chumbageni, Muheza, mpaka Pangani na ng'ambo ya mto. Wenyeji wanajua kwamba ndani mle mwanamume haingii, wala kamera ya mwanamume haiingii. Watu wako vichwa wazi, mabibi wazima wamefunga kanga viunoni wanacheza, bi harusi mwenyewe amekaa mkekani na liwa mwili mzima. Anayepiga awe mwanamke, anayehariri awe mwanamke, na picha zisipite mkono wa tatu. Hilo ndilo wateja wangu wanalolipia kwanza. Uzuri wa picha unafuata.

Mwaka jana laptopu yangu ya zamani ilifika mwisho. Ilikuwa na prosesa ya kizazi cha sita, na Microsoft walishatangaza kwamba msaada wa Windows 10 unakoma tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 kwa prosesa za Intel inataka kizazi cha nane kwenda juu, ukiacha chache sana. Mimi naweka humo picha za watoto wa watu. Siwezi kukaa na mashine isiyopata marekebisho ya usalama.

Nikaenda kwenye duka moja la kompyuta za mtumba Ngamiani. Muuzaji akaniwekea mbili juu ya meza, zote ThinkPad za mwaka 2018, zote kizazi cha nane. Ya kwanza P52: kioo cha inchi 15.6, prosesa ya i7-8850H yenye koa sita (vitengo vya kufanyia kazi ndani ya prosesa), kadi ya picha (GPU, inayoisaidia prosesa kazi za picha na video) Quadro P2000 ya GB 4, rami GB 32, na nafasi za kuongeza mpaka GB 128. Bei 1,650,000. Ya pili T480s: kioo cha inchi 14, i5-8350U yenye koa nne, rami GB 8, kadi ya picha hakuna ila ile iliyomo ndani ya prosesa. Bei 720,000.

Nilichukua kubwa. Pesa yote ya kikoba ikaenda hapo, na nyingine nikakopa kwa dada yangu.

Miezi ya mwanzo nilikuwa mtu wa furaha. Nyumbani, mezani, imechomekwa ukutani kupitia stabilaiza, P52 inafanya kazi hasa. Video ya saa mbili niliyozoea kuiacha ijirende (ijitengeneze kuwa faili la mwisho) usiku kucha, ilikuwa inatoka kabla sijamaliza kupika. Kibodi ina namba pembeni, kadi ya kamera unaichomeka moja kwa moja, na kioo kile kikubwa kinakuonyesha kama hina imetoka nyekundu au imeungua ikawa nyeusi. Kama kazi yangu ingekuwa ya kukaa mezani, makala hii ingeishia hapa na ningewaambia wote wanunue hiyo.

Kazi yangu si ya mezani.

Mwezi wa kumi na mbili nilipata harusi ng'ambo ya Pangani, Bweni. Mashine yenyewe ina kilo 2.45 kwa uchache, na chaja yake ya wati 170 ni tofali kamili. Ongeza kamera, lenzi mbili, taa na stendi yake. Nikashuka kwenye gari na mzigo begani, nikavuka kwa kivuko, nikapanda bodaboda mpaka nyumbani kwa shughuli. Nilipofika bega lilikuwa na alama ya mkanda wa begi. Hilo la uzito ningelivumilia, nimebeba vizito kuliko hivyo.

Nilikuwa nimeahidi klipu ya picha za singo na hina za mchana ule, ionyeshwe kwa projekta usiku kabla bi harusi hajatoka. Saa moja na nusu usiku nimemaliza kupanga, naanza kurenda. Umeme ukakatika. Hapo ndipo nilipoielewa betri. Inapotoka kiwandani betri hiyo ina Wh 90 (wati-saa, kipimo cha umeme inaoshika), na muuzaji aliniapia kwamba bado ni nzima kabisa. Yangu ilikuwa imebaki na Wh 61, nimekuja kuipima baadaye. Prosesa ya wati 45 na kadi ya picha vikifanya kazi pamoja, mashine nzima inakula kama wati 90 hivi. Piga hesabu mwenyewe, ni dakika arobaini. Nikakimbilia jenereta ya watu wa muziki. Kijana akaniomba radhi kwa adabu kabisa: "Dada, nikikuchomekea wewe na spika zikazima, lawama zote zangu." Hakukosea. Nikakaa chumbani gizani natazama asilimia za betri zinashuka huku asilimia za kurenda zinapanda, na ikazima ikiwa imefika 71.

Klipu haikuonyeshwa. Mama wa bi harusi alinishika mkono akasema, "Haidhuru mwanangu, umeme si wako." Lakini mimi nilikuwa nimeahidi, na nilirudi Tanga kesho yake nimenyamaza njia nzima.

Tatizo ni kwamba P52 haichaji kwa USB-C, lile tundu dogo kama la simu za siku hizi. Inataka chaja yake yenyewe, na chaja hiyo inataka umeme wa kutosha. Vile vigeuzi vya umeme vya kwenye gari vya wati 150 haviiwezi. Ukiwa nje ya nyumba yenye umeme wa uhakika, una dakika arobaini na Mungu wako.

Kuna jambo la pili ambalo nilichelewa kulijua, nalo liliniuma kuliko la kwanza. Nahariri kwa Kdenlive, programu ya bure, nimeizoea na sitaki kuiacha. Sasa kazi nyingi za Kdenlive zinafanywa na prosesa. Ile Quadro inasaidia wakati wa kutoa faili la mwisho ukiiambia, lakini unapokata, unapopanga na unaporekebisha rangi, imekaa tu. Nililipia kadi ambayo programu yangu haiiombi kitu. Kabla hujalipia nguvu, jua programu unayotumia inakula nguvu ipi: ya prosesa, ya rami, au ya kadi ya picha. Mimi sikuuliza, na hakuna aliyeniambia.

Nikarudi dukani. T480s bado ilikuwepo pale pale.

Nimeitumia tangu mwanzo wa Januari na sitaki kuificha furaha yangu. Uzito wake unaanzia kilo 1.32. Naiweka ndani ya mkoba mmoja na khanga zangu na hakuna anayejua kwamba nimebeba kompyuta. Tundu la kadi ya kamera lipo, kadi nzima, si ile ndogo ya simu tu, na kwa mpiga picha hilo ni la kuangalia kabla ya yote, maana laptopu nyembamba nyingi za miaka ile zimeliondoa. Inachaji kwa USB-C, wati 65. Nimenunua pawabenki ya mAh 20,000, ambayo ni kama Wh 74, na nyingine zinapotea njiani, kwa hiyo inanijazia betri ya Wh 57 karibu mara moja nzima. Pawabenki iwe ya USB-C na iwe na uwezo wa kutoa wati 45 au zaidi. Ile ya kuchajia simu tu utaichomeka na laptopu haitashtuka.

Lakini kilichonifanya niseme makala hii lazima niiandike ni jambo lililotokea Chumbageni, kwenye singo, wiki mbili baada ya kuinunua. Nimemaliza kupiga, nimekaa pembeni ya mkeka, laptopu juu ya mapaja, naingiza kadi. Mama wa bi harusi akaja akakaa ubavuni kwangu, mikono bado inanukia liwa, akaanza kutazama. Picha moja baada ya nyingine. "Hii iweke. Hii futa, shangazi yake hapendi kuonekana. Hii, rudisha nyuma, ndiyo, huyu ni mjamzito na hajatangaza, futa." Kungwi akasogea naye akakaa upande wa pili. Tumepitia picha mia mbili na kitu pale pale, ndani ya chumba kile kile, udi unafuka, na walichotaka kifutwe kilifutwa mbele ya macho yao, kwenye kadi na kwenye diski. Nilipofunga kifuniko mama alivuta pumzi kama mtu aliyetua ndoo. Akaniambia, "Leo nitalala."

Miaka yote hii nilikuwa nachukua kadi nakwenda nayo nyumbani, na wao wanabaki na neno langu tu. Sikujua kwamba walikuwa hawalali. Na P52 nisingeweza kufanya vile. Si mashine ya kupakata mkekani, feni zake zinapuliza joto, na chaja ingenivuta mpaka ukutani. Sasa naifanya hivi kila shughuli, na nimeiweka kwenye makubaliano: kuchagua picha ni humo humo ndani, na mwenye shughuli akiwepo.

Haya, ubaya wake. Ndogo ni ya polepole, na nisimdanganye mtu. Video za 4K moja kwa moja inakwama, picha inaruka kama mkanda wa zamani. Dawa yake ni proksi: Kdenlive inatengeneza nakala ndogo za video, unakata kwa kutumia hizo, na wakati wa kutoa faili la mwisho inarudi kwenye zile kubwa. Kuzitengeneza kunachukua muda, mimi naziacha zijitengeneze nikila chakula cha usiku. Video ya saa mbili inachukua saa tatu hadi nne kurenda, kwa hiyo naianza nikienda kulala. GB 8 za rami hazitoshi kabisa. Zote nane zimegandishwa kwenye ubao na nafasi ya kuongeza ni moja tu, nikaweka ya GB 16 zikawa 24, na bila hivyo nisingeisifu. Kioo cha hii niliyopata kimefifia kidogo, rangi za hina naziamini nikiwa nyumbani tu, kwenye kioo kingine.

Anayekwenda kununua za mtumba, mambo matatu nayashikilia sana. Usidanganywe na kibandiko cha i7. Tazama namba inayofuata: i7-6600U ni kizazi cha sita na ina koa mbili tu, wakati i5-8350U ina nne. Pili, kabla hujatoa hela fungua dirisha la amri (Command Prompt) uandike powercfg /batteryreport, mashine itakutengenezea ripoti inayoonyesha betri ilizaliwa na kiasi gani na sasa inashika kiasi gani. Ningeandika maneno hayo siku ile ya kwanza, nisingebishana na mtu wala kuaibika Bweni. Tatu, izime, iwashe, na nembo ikitokea bonyeza F1, kwa ThinkPad. Ikikudai nenosiri usilolijua, hiyo ilikuwa ya ofisi ya watu na hawajaifungua, iache hapo hapo mezani.

P52 nimemuuzia kaka mmoja anayechora ramani za nyumba kwa ArchiCAD. Ana ofisi, ana meza, ana stabilaiza, na programu yake inaitumia ile Quadro kweli kweli anapozungusha jengo. Nilikwenda kumpelekea chaja ya akiba nikaiona imetulia mezani, feni zinavuma, kioo kimejaa ghorofa mbili na ngazi zake. Pale imefika kwake. Alinipa 1,400,000. Nimemlipa dada yangu deni lake, nimenunua ile rami, na diski mbili za nje za SSD, moja ya kazi na moja ya nakala ambayo naifungia kabatini.

Betri ya T480s niliipima siku nilipoinunua, ikawa na Wh 46 kati ya 57. Mpya nimeshaagiza. Harusi zimesimama kwa Ramadhani, na nataka ifike kabla ya Mfunguo Mosi, maana nina shughuli nne wiki ya kwanza na mbili kati ya hizo ziko ng'ambo ya mto.